Siku moja maishani mwangu: stuli ya zege na nondo

Saa 1 asubuhi. Naanza kwa kufungua kalibu, yaani umbo la mbao la kumwagia zege. Ndani yake kuna zege nililolimwaga siku tatu zilizopita, na usiku kucha nimekuwa nikiliwaza. Nagonga pembeni kwa nyundo ya mpira na kusikiliza. Kalibu ikiachia, mlio hubadilika. Leo mlio ni uleule. Nachomeka kabari, nakandamiza, na ukingo mmoja unamomonyoka: kipande kirefu kama kidole.

Nimeumia, sitaficha. Lakini kosa naliona papo hapo. Kuta za kalibu nilizichora wima kabisa, na ukuta wima unaopendeza kwenye kioo cha kompyuta hulishika zege kama meno.

Saa 2. Narudi kwenye mchoro. Kila ukuta naulaza nje kwa digrii 3. Kwa kimo cha milimita 45 hiyo ni tofauti ya milimita 2 na kidogo, anayekalia stuli hataiona. Kingo nazo naziviringisha, kwa sababu zege halipendi ncha kali.

Niseme kwa nini nang'ang'ania mashine badala ya kupigilia boksi la mbao. Stuli naimwaga ikiwa kichwa chini, kwa hiyo sakafu ya kalibu ndiyo itakayokuwa sehemu ya kukalia. Mashine ya CNC, inayochonga ikiongozwa na kompyuta, inaichonga sakafu hiyo ikiwa na mwinuko laini katikati, na zege likigeuzwa mwinuko unakuwa bonde la kupokea mwili. Katikati unene unabaki milimita 25, pembeni miguu inaposhikilia ni 45. Bamba la sentimita 40 kwa 35 linakuwa na kilo kama 11. Likiwa bapa lingefika 15. Kilo nne hizo ni tofauti ya stuli inayohamishwa kwa mkono mmoja na ile inayokaa ilipowekwa.

Saa 4. Plaiwudi zilizogundishwa ziko mezani, zimebanwa. Biti nene, yaani kisu kinachozunguka cha mashine, inapita kwanza kutoa mbao nyingi, kisha inafuata biti ya milimita 6 yenye ncha ya duara, ikisogea milimita 1 kila mpito. Ningeisogeza milimita 3 ningeokoa muda mwingi, ila mistari ingebaki. Zege hunakili kila kitu, hata mkwaruzo wa kucha. Saa moja na nusu nasimama karibu na mashine nikisikiliza. Biti ikianza kulia kwa sauti nyembamba, ujue imechoka au inaunguza mbao.

Saa 6. Vanishi, tabaka mbili. Bila hiyo mbao hunywa maji ya zege na uso unatoka na mabaka.

Wakati inakauka natazama picha niliyoibandika ukutani: kiti cha Willy Guhl, mbunifu Mswisi, cha mwaka 1954. Ni utepe mmoja wa saruji yenye nyuzi, uliokunjwa ukiwa mbichi, hauna hata mguu. Nyuzi za enzi hizo zilikuwa asbesto, inayoua mapafu. Mimi natumia nyuzi za kioo, tena zile zinazostahimili alkali, maana saruji hukila kioo cha kawaida taratibu.

Saa 8 mchana. Nondo za milimita 12. Nakata nne, kila moja naikunja ndoano kichwani ili ishike ndani ya zege. Zile mbavu za nondo, zilizowekwa kwa ajili ya nguzo na mihimili, hapa naziacha wazi zionekane. Kwangu ndio uzuri wenyewe. Sipaki rangi, napaka mafuta tu kuzuia kutu.

Saa 9. Saruji kilo 4, mchanga uliochekechwa kilo 7, maji lita 1.6, nyuzi, na kilainishi kidogo, kemikali ya kufanya rojo liteleze bila kuongeza maji. Mkono hutamani kuongeza maji ili rojo liteleze. Naukatalia: maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na vitundu ndiyo nyufa za kesho.

Namwaga hadi karibu na juu, nalaza wavu wa nyuzi, namalizia. Wavu lazima uwe karibu na uso huu ulio wazi, kwani stuli ikigeuzwa huu ndio upande wa chini, na mtu akikaa ndio unaovutwa. Zege huvumilia kubanwa, kuvutwa haliwezi. Kisha miguu, ikipita kwenye kiolezo cha plaiwudi chenye matundu manne kinachoisimamisha kwa mshazari sawasawa. Nagonga meza kwa dakika kadhaa. Mapovu yanapanda na kupasuka.

Nafunika kwa plastiki. Zege halikauki ndipo likawa gumu, linahitaji hayo maji likae nayo.

Saa 3 usiku. Nimerudi kulitazama kabla ya kulala. Nondo nne zimesimama juu ya plastiki, hazijahama. Naweka kiganja katikati yake. Pana uvuguvugu. Limeanza kushika.