Nilivyoizunguka Hamburg kwa Kivuko na kwa Miguu

Hamburg ndiyo bandari kubwa kuliko zote nchini Ujerumani, ingawa imejengwa kando ya Mto Elbe, zaidi ya kilomita 100 kutoka Bahari ya Kaskazini. Pale Landungsbrücken, kwenye gati la abiria, wageni hualikwa kila hatua kwenye boti za utalii. Mimi niliamua kupanda kivuko namba 62 kinachokwenda Finkenwerder, kwa kuwa vivuko vya jiji hupokea tiketi ileile ya basi na treni, na abiria akikaa juu huona meli zikishusha makontena upande wa pili wa mto.

Kwa mtu aliyekulia pwani, jambo la kwanza kulitazama lilikuwa maji. Elbe hujaa na kupwa kama bahari, kwa zaidi ya mita tatu, na ndiyo maana gati la abiria linaelea: asubuhi nilishuka kwenye daraja lenye mteremko mkali, na saa chache baadaye daraja lilelile lilikuwa karibu tambarare.

Kutoka hapo nilivuka mto kwa miguu, kupitia njia ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1911 ili wafanyakazi wafike kwenye karakana za meli. Unashuka kwa lifti mita 24, kisha unatembea mita 426 kati ya kuta za vigae vyeupe vyenye picha za samaki zilizofinyangwa. Hakuna kiingilio, na ukitokea ng'ambo unaliona jiji zima mbele yako.

Muda mwingi zaidi niliutumia Speicherstadt, mtaa wa maghala ya matofali mekundu yaliyosimama juu ya nguzo za mbao. Juu kabisa ya kila ghala kuna winchi iliyokuwa ikivuta magunia ya kahawa, chai na viungo kutoka kwenye matishari. Uzuri wake hauna shaka, na tangu mwaka 2015 mtaa huo umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Lakini ili ujengwe, wakazi wapatao 20,000 walihamishwa na nyumba zao kubomolewa.

Ndiyo sababu sikuridhika kuondoka bila kuuliza mali ile ilitoka wapi. Hatua chache kutoka hapo, Große Reichenstraße, kuna Afrikahaus, jengo la mwaka 1899 la Woermann, kampuni iliyofanya biashara na Afrika, ambalo mlangoni pana sanamu ya shaba ya shujaa wa Kiafrika na uani tembo wawili wa chuma. Katika jiji hilihili, mwaka 1890, ilianzishwa kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie, ambayo meli zake zilifika Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam wakati wa ukoloni. Leo Dar es Salaam na Hamburg ni miji dada, tangu mwaka 2010, na Mtanzania akifika huko namsihi auweke ua ule wa Afrikahaus katika ratiba yake kabla ya jumba la muziki la Elbphilharmonie, ambalo kila mtu atamwelekeza bila kuulizwa.