Paneli juu ya dampo la Rutland

Mama mdogo alinifungia chapati tatu akanisisitizia nivae koti, ingawa ulikuwa mwezi wa tano. Anaishi Winooski, mji mdogo unaopakana na Burlington, katika jimbo la Vermont. Alifika huko akitokea kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Kambini, anasema, paneli moja ya sola, ya ukubwa wa daftari, ilichaji simu za familia nne, na zamu zilipangwa kama za kuteka maji. Kwa hiyo nilipomwambia nakwenda Rutland, mji ulioko kusini, kuangalia sola, hakushangaa. Aliuliza tu, "Na usiku wanafanyaje?" Nikakosa jibu.

Treni ya kusini ni moja kwa siku. Ziwa Champlain linakusindikiza kidogo upande wa kulia, kisha yanakuja malisho, ng'ombe wa maziwa na mabanda mekundu. Kwa sensa ya 2020, karibu wakazi 65 kati ya 100 wa Vermont wanaishi vijijini, wengi kuliko jimbo lolote la Marekani. Mabango ya matangazo kando ya barabara yalipigwa marufuku tangu 1968, kwa hiyo paneli unaziona upesi. Kuna zilizo juu ya mapaa, kuna zilizopangwa safu shambani. Zilizonivutia zaidi ni zile zinazokaa juu ya nguzo moja ya chuma, zikigeuka polepole kulifuata jua kama alizeti. Asubuhi ile zote zilikuwa zimetazama mashariki.

Rutland nilikuja kwa ajili ya Stafford Hill. Zamani hapo palikuwa dampo la mji. Tangu 2015 kumesimama paneli 7,722, zenye uwezo wa kama megawati mbili, pamoja na betri kubwa. Nilishika uzio nikaangalia kwa muda mrefu. Nyasi zilikuwa zimeota chini ya paneli, kimya kabisa, na huwezi kuamini kwamba chini yake kuna taka za miaka mingi. Shamba la mahindi halikuguswa. Nadhani hapo ndipo busara ilipo: ardhi isiyofaa kulimwa wala kujengwa nyumba imepewa kazi.

Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama kunisalimu. Aliniambia waziwazi kwamba hapendi paneli kwenye malisho, macho yake yamezoea vilima vitupu. Lakini hizi za dampo anazikubali. Malalamiko kama yake nimeyasikia kwa wengi Vermont, na siyadharau. Mtu aliyelinda mandhari yake miaka yote ana haki ya kuuliza paneli ziwekwe wapi. Sheria ya 2024 inazitaka kampuni za umeme za jimbo zifikie nishati jadidifu kwa asilimia 100 ifikapo 2035, kwa hiyo swali lake litarudi tena na tena.

Kisha akanielekeza upande iliko sekondari ya Rutland. Mwaka 2011 dhoruba ya Irene iliifurikisha Vermont; barabara na madaraja vikasombwa, vijiji vikabaki visiwa. Sekondari hiyo ni mahali pa kukimbilia wakati wa maafa, na Stafford Hill ilijengwa hivi kwamba gridi, yaani mtandao mkuu wa umeme, ikikatika, paneli na betri ziweze kujitenga na kuipelekea umeme.

Siku za kawaida betri zina kazi nyingine. Kampuni za umeme za eneo lile hulipia gridi kulingana na umeme zinaouchukua katika saa ambayo matumizi yalipanda kuliko zote katika mwezi. Saa hiyo ikikaribia, aghalabu jioni watu wanapopika, betri huachia umeme wake na gharama inapungua kwa wateja wote, hata asiye na paneli.

Treni ya kurudi iliondoka jua likikaribia kuzama. Paneli za nguzo zilikuwa zimegeuka zote kuelekea magharibi. Nilifika Winooski usiku, mama mdogo yuko macho, chai iko mezani. Nikamweleza habari ya betri, shule na dhoruba ya Irene. Alinyamaza, kisha akaniuliza kama watu wa mvua ile walipata pia mahali pa kuchaji simu.