Baba mdogo alipotaka uenyekiti wa mtaa

Mwaka 2024, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, baba yangu mdogo aliniomba nimwandikie hotuba ya kuomba uenyekiti wa mtaa, nami nikakubali kwa sababu ni msemaji mzuri na anayajua matatizo ya maji na mitaro kuliko wengi. Nilipofika kwenye aya ya uadilifu, kalamu iligoma: watoto wake wawili wa mke wa kwanza wanasomeshwa na bibi yao anayeuza vitumbua, na majirani wote wanalijua hilo. Nilimkumbusha kwamba Azimio la Arusha la mwaka 1967, lilipowakataza viongozi kuwa na hisa, mishahara miwili au nyumba za kupangisha, lilimhesabu kiongozi pamoja na mwenzi wake wa ndoa. Alinijibu kwamba mambo ya nyumbani hayapigiwi kura. Sikubaliani naye, ingawa nakiri kwamba utukutu wa mtoto haupaswi kumfungia mzazi njia. Ninachokipima ni kile alichokitenda mwenyewe. Hotuba sikuimalizia, na hadi leo salamu zetu ni za mkato.