Maabara ya CCNA ukiwa Kigoma: laptopu kwanza, swichi moja baadaye

Vijana wengi wa hapa wanaoanza kusomea CCNA, cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, huamini hawawezi kufika popote mpaka wawe na ruta mbili na swichi mbili za Cisco juu ya meza. Wanajinyima, wanaagiza mtumba Kariakoo, mzigo unasafiri zaidi ya kilomita 1,200, na mwisho wa yote inashuka ruta kuukuu ya 1841 yenye IOS (mfumo endeshi wa vifaa vya Cisco) ya zamani, 12.4. Hela hiyo ingefanya kazi zaidi ndani ya laptopu. Msimamo wangu ni kwamba pesa ya kwanza iende kwenye RAM na SSD. Kifaa halisi nacho unakihitaji, ila ni swichi moja tu, na kwa mambo machache ambayo emuleta, yaani programu inayoiga vifaa ndani ya laptopu, haiwezi kukuonyesha.

Tuanze na mtihani wenyewe. Kwenye 200-301, ndiyo namba ya mtihani wa CCNA, toleo la 1.1, sehemu nzito kuliko zote ni upitishaji wa IP, asilimia 25: njia za mkono, OSPF (itifaki ya ruta kupeana habari za njia), kusoma jedwali la ruta. Yote hayo ni programu. Majirani wa OSPF hufika FULL (ujirani uliokamilika) ndani ya emuleta kwa hatua zile zile zinazopitiwa na ruta za chuma, na ukikosea area (namba ya eneo la OSPF) utapata kosa lile lile. Huduma za IP kama NAT (kubadilisha anwani) na DHCP (kugawa anwani), pamoja na ACL (orodha za kuruhusu na kuzuia), ni hivyo hivyo.

Kama laptopu yako ina RAM ya GB 4, tumia Packet Tracer, programu ya mazoezi ya Cisco, na usione aibu. Lakini ujue ilivyo: ndani yake hakuna IOS. Ni programu inayoigiza majibu ya IOS, kwa hiyo amri ambayo waandishi wake hawakuiweka haipo, hata kama kitabu kinaitaja. Ukiandika amri ikakataliwa, bonyeza alama ya kuuliza kwanza kabla ya kujilaumu. Faida yake kubwa ni kwamba ina kidhibiti cha Wi-Fi chenye kurasa zake za mipangilio, kitu kigumu kukipata kwingine bila gharama. Inataka uingie kwa akaunti ya Networking Academy (mafunzo ya Cisco ya mtandaoni), basi ingia mapema ukiwa na bando.

Ukiwa na GB 8 na kuendelea, hamia kwenye emuleta za GNS3, EVE-NG au CML (ya Cisco wenyewe). Hapa IOS inayokimbia ni ya kweli. GNS3 ina njia mbili. Ya zamani ni Dynamips, inayoiga ruta kama 3725 na 7200. Kosa linalowakuta karibu wote ni kuiwasha bila kutafuta thamani ya Idle-PC, inayoipumzisha prosesa ruta ikiwa haina kazi: ruta moja tu inakula kiini kizima cha prosesa kwa asilimia 100, feni inalia, betri inaisha. Washa ruta, subiri itulie kwenye alama ya kuandikia amri, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Idle-PC, kisha chukua thamani yenye nyota. Kazi hiyo unaifanya mara moja kwa kila imeji (faili la IOS). Dynamips haiigi swichi za Cisco za Catalyst, kwa hiyo usiitegemee kwa mazoezi ya VLAN (kugawa swichi kuwa mitandao midogo) na spanning tree (kuzuia mizunguko kati ya swichi).

Njia ya pili ni imeji za mashine pepe: IOSv kwa ruta na IOSvL2 kwa swichi. Piga hesabu kabla ya kuchora mchoro: IOSv moja inataka MB 512, IOSvL2 moja MB 768. Ruta tatu na swichi mbili ni karibu GB 3. Windows nayo inachukua GB 3 hadi 4, kwa hiyo kwenye GB 8 unabaki umebanana. Kwenye GB 16 unapumua. Catalyst 8000V, ruta pepe nzito zaidi, inataka GB 4 peke yake na CCNA haiihitaji, achana nayo. Imeji za Cisco si za kuokota mtandaoni. Zinakuja kihalali na CML. Toleo la bure la CML linaruhusu vifaa 5 kuwa vimewashwa kwa wakati mmoja, na kwa CCNA vinatosha ukipanga vizuri. Faili lake ni gigabaiti kadhaa, hivyo tafuta mahali penye faiba au bando la usiku.

Ukiona VMware, programu ya mashine pepe inayobeba emuleta hizi, inagoma na kutaja VT-x (uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe), ingia BIOS uwashe VT-x, au SVM kwa prosesa za AMD. Ikigoma tena, Hyper-V, mfumo wa mashine pepe wa Windows yenyewe, ndiyo imeishika. Fungua CMD kama msimamizi, andika `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`, zima Memory Integrity kwenye Windows Security, kisha zima na kuwasha mashine.

Umeme ukikatika, laptopu ina betri na maabara yako inaendelea. Hata hivyo zoea kuandika `write memory`, amri ya kuhifadhi mipangilio, kila hatua.

Sasa swichi. Tafuta 2960 ya milango 8, ile 2960-8TC-L: haina feni, haili umeme mwingi, na vumbi la huku kiangazi halina cha kuziba. Kabla ya kutuma hela, mwombe muuzaji picha za `show version`, `show inventory` na `show flash:`. Asiyeweza kuzitoa hajaiwasha. Nunua pia kebo ya konsoli ya USB (ya kuunganisha laptopu na swichi ili uandike amri) yenye chipu ya FTDI. Zile za bei rahisi zenye PL2303 bandia hugomewa na draiva ya Windows, unabaki na kosa la Code 10 na hakuna duka la jirani la kubadilisha. Kwenye PuTTY, programu ya kuandikia amri, chagua Serial, kasi 9600.

Swichi ya mtumba mara nyingi inakuja na nenosiri la mwenyewe wa kwanza, na hilo ndilo zoezi lako la kwanza. Chomoa waya wa umeme, shikilia kitufe cha Mode, chomeka tena bila kuachia, ngoja hadi ufike kwenye `switch:`. Andika `flash_init`, halafu `rename flash:config.text flash:config.old`, halafu `boot`. Ikishawaka, futa pia VLAN kwa `delete flash:vlan.dat` kisha `reload`, maana VLAN za zamani hazikai kwenye config.text. Usiichomeke kwenye mtandao wa shule au ofisi kabla ya hapo: ikiwa jina la VTP (itifaki ya swichi kugawiana orodha ya VLAN) ni moja na la kwao, na namba ya revision ya swichi yako ni kubwa zaidi, itafuta VLAN za wenzako zote. Hakikisha kwa `show vtp status`.

Zoezi linalolipa gharama ya swichi nzima ni la duplex, yaani kama mlango unatuma na kupokea kwa pamoja (full) au kwa zamu (half). Chomeka kompyuta mbili, nakili faili la MB 500 kutoka moja kwenda nyingine, litaisha ndani ya dakika moja hivi. Kisha kwenye mlango wa mojawapo weka `speed 100` na `duplex full`, kompyuta yenyewe uiache kwenye auto, ijadiliane na swichi. Kadi ya kompyuta haipati majibu ya majadiliano; inatambua kasi tu, na kwa kanuni inajishusha kuwa half duplex. Taa ni ya kijani, ping inapita, na hapo ndipo mafundi wengi hupotea. Nakili faili tena na utaona linavyojikokota. Sababu ni kwamba kompyuta ikipokea huku inatuma inadhani ni mgongano, inakata fremu katikati, na swichi inapokea vipande. Andika `show interfaces fa0/1` mara mbili tatu uone hesabu za runts (fremu fupi mno) na CRC (fremu zilizoharibika) zikipanda. Ndani ya emuleta hakuna waya, kwa hiyo hesabu hizo hazisogei hata ukikosea duplex. Rudisha `speed auto` na `duplex auto`, andika `clear counters`, nakili mara ya tatu, ulinganishe.