Unga wa mizizi unaosimamisha kwa nusu saa

Ukinunua unga wa mizizi stendi, ukaulamba, na baada ya nusu saa uume ukasimama kama wa kijana wa miaka ishirini, usikimbilie kuusifu mzizi. Kasi hiyo ni ya sildenafili, dawa iliyomo ndani ya Viagra: huanza kazi dakika 30 hadi 60 baada ya kumezwa na hudumu kama saa nne. Nguvu zikifika hadi kesho yake jioni, shuku tadalafili, dawa nyingine ya aina hiyo, ambayo hukaa hata saa 36. Dalili nyingine ni kichwa kugonga, uso kuwaka moto, pua kuziba, kiungulia, na wengine huona vitu vina ubluu. Mamlaka za dawa za nchi nyingi zimekuta vidonge hivi vimesagwa ndani ya pakiti zilizoandikwa "asili tupu".

Hatari kubwa iko kwenye kipimo. Kidonge cha kawaida kina miligramu 50. Kijiko cha chai cha unga kina gramu mbili au tatu, kwa hiyo dawa yenyewe ni kipunje kidogo sana humo ndani. Anayechanganya kwa mkono kwenye beseni hawezi kuigawa sawasawa: pakiti moja inatoka bila dawa, inayofuata ina dawa ya vidonge vitatu.

Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za kundi la nitrati, kama ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, akilamba unga huo presha inaweza kuporomoka akafa. Ndiyo maana ukifika hospitali na maumivu ya kifua lazima useme ulichokula, hata kama mkeo amesimama pembeni. Nitrati haitolewi kabla ya saa 24 kupita tangu sildenafili, na saa 48 kwa tadalafili.

Kuna baya zaidi. Mwaka 2008 huko Singapore, dawa za nguvu za kiume zilikutwa na glibenklamidi, dawa ya kushusha sukari. Watu wasio na kisukari walilazwa kwa sukari kushuka mno, na wanne walifariki. Mtu akitoka jasho, akitetemeka na kuanza kuongea ovyo baada ya kunywa dawa hizi, mpe soda yenye sukari akiwa bado anameza vizuri, kisha mkimbizeni hospitali. Akizimia, msimmiminie chochote mdomoni.

Na mizizi halisi? Mukombero unaotafunwa Kakamega, ambao Waganda huuita mulondo, una harufu tamu kama vanila, lakini utafiti wake mwingi umefanyiwa panya. Karanga mbichi, nazi na muhogo mbichi ni chakula, siyo tiba. Karanga zenye ukungu zina sumukuvu, na muhogo mchungu ukiliwa mbichi una sumu ya sayanidi. Supu ya pweza kunywa tu, ni tamu.

Kabla ya kununua chochote, jichunguze alfajiri. Ukiamka umesimama vizuri lakini kitandani na mwenzako unashindwa, mara nyingi chanzo ni hofu, ugomvi au uchovu. Usiposimama hata alfajiri kwa wiki kadhaa, kapime. Mishipa ya damu ya uume ina upana wa milimita moja au mbili, ya moyo tatu au nne, hivyo ile myembamba huziba mapema, na tatizo la uume linaweza kutangulia la moyo kwa miaka miwili hadi mitano. Pima presha, mafuta kwenye damu na sukari kabla ya kula, ikiwa milimoli 7.0 kwa lita (mmol/L) au zaidi, irudiwe siku nyingine kuthibitisha kisukari. Homoni ya testosteroni hupimwa asubuhi, kwa kuwa ndipo inapokuwa juu.

Kama uko kwenye dawa za presha, usiziache mwenyewe. Baadhi hudhoofisha nguvu, na daktari anaweza kukubadilishia. Unapokwenda kumwona, beba na ile pakiti ya unga, hata kama imebaki vumbi tu.