Nusu kidonge baada ya Isha

Miaka miwili nilimeza diklofenaki, dawa ya maumivu, kama karanga. Mabega, kiuno, nyonga, mpaka vidole, kote kunauma. Naamka nimechoka utadhani nimelima usiku kucha. Hata kukuna nazi moja kulinishinda, na hapa Tanga nyumba gani haikuni nazi? Kila nikipima, malaria hamna, taifodi hamna, baridi yabisi hamna. Tumbo likaanza kuwaka kwa dawa, maumivu yako pale pale.

Daktari aliyenielewa aliniuliza sana habari za usingizi. Akasema, "Mama, hii ni faibromialjia. Viungo vyako havijavimba. Ubongo na mishipa ya fahamu ndiyo inayakuza maumivu. Diklofenaki inatuliza uvimbe, ndiyo maana haikufai." Akaniandikia amitriptilini.

Wifi yangu alipoiona akashtuka: "Wifi, hii si ya wagonjwa wa akili?" Ni kweli hutibu sonona, ila kwa dozi kubwa zaidi. Mimi nilianza na miligramu 12.5, yaani nusu ya kidonge cha 25. Nilikikata kwa wembe juu ya kisahani, nusu ya pili naifunga kwenye karatasi kwa ajili ya kesho.

Wiki ya kwanza niliteseka. Mdomo mkavu, nafundisha huku chupa ya maji iko mezani, choo kigumu, asubuhi kichwa kizito. Nusura niache. Nikarudi kwa daktari, akanibadilishia saa tu: badala ya saa nne nikipanda kitandani, nimeze saa mbili, baada ya Isha. Kichwa kikawa chepesi. Wiki ya tatu nililala moja kwa moja mpaka adhana ya alfajiri, nikakaa kitandani nikilia kwa furaha. Usingizi ulikuja kwanza, ndipo maumivu yakaanza kulegea. Hayajaisha.

Dawa nyingine ya maumivu ya mishipa ya fahamu, pregabalini, nayo niliijaribu. Ilinipa kizunguzungu, miguu ikavimba, na bei yake sikuiweza. Jirani aliponiletea tramado, dawa kali ya maumivu, daktari alinikataza kabisa kuichanganya na amitriptilini, maana zikikutana zinaweza kuleta degedege. Tafadhali, mwenzangu, mtajie daktari kila unachomeza, na usiikatishe dawa ghafla.

Alinisisitizia pia kutembea. Nilianza dakika kumi jioni. Sasa nafika nusu saa.

Jumapili nilikuna nazi mbili. Ya tatu nikamwachia binti yangu.