Nilivyopata kipimo cha kuaminika cha dawa za bakajani

Kazi yangu maabara ilikuwa kuchuja kemikali mpya na kuona ipi inafaa kuwa dawa ya bakajani chelewa, ugonjwa unaoteketeza nyanya na viazi hali ya hewa ikiwa ya baridi na unyevu. Kimelea chake, Phytophthora infestans, tunakiita ukungu kwa mazoea tu. Si kuvu halisi: kuta za seli zake ni za selulosi, na hakijitengenezei steroli, aina ya mafuta ambayo kuvu huihitaji kwenye utando wa seli zake. Ndiyo maana dawa za kundi la triazoli, zinazoua kuvu kwa kuzuia steroli isitengenezwe, kwake hazifui dafu.

Kilichonisumbua ni kwamba kemikali nyingi zilikizuia vizuri kwenye sahani ya agari (rojo la kuoteshea vimelea), ukizipeleka kwenye mmea, hoi. Nikahamia kwenye majani yaliyochumwa. Nilichagua ya umri mmoja, nikayalaza kwenye karatasi yenye unyevu, mgongo wa jani ukiwa juu, nikanyunyizia dawa. Kesho yake nikadondoshea tone la maji yenye sporanjia, yaani vifuko vya mbegu za kimelea.

Tone hilo ndilo lilihitaji ufundi. Sporanjia zikikaa saa mbili tatu kwenye maji ya nyuzi 12 hivi, hupasuka na kutoa zuspora, vijidudu vyenye mikia miwili vinavyoogelea. Joto likizidi 20 huelekea kuota moja kwa moja, na maambukizi huwa machache. Basi nikawa nazipoza kwanza, nachungulia kwa darubini. Nikiviona vinazungukazunguka, ndipo nadondosha. Majani yasiyo na dawa yakaanza kuugua kwa usawa: doa la majimaji, kisha utando mweupe. Yasipougua hayo, usafi wa jani lenye dawa hauthibitishi chochote.

Halafu usugu. Metalaksili, dawa ya bakajani, iliingia sokoni mwaka 1977. Kufikia 1980 vimelea sugu vilishaonekana Ayalandi na Uholanzi, kwa kuwa dawa hiyo hulenga sehemu moja tu ya kimelea. Kwa hiyo kila kemikali niliipima pia kwa vimelea sugu kwa metalaksili. Iliyoua vile dhaifu pekee niliiweka kando, hata kama wanakemia waliipenda mno (na huwa wanazipenda).

Kemikali zilizofaulu zilikwenda kwenye kitalunyumba, zikamwagiwa mvua ya bandia. Nyingine zilioshwa zote. Zilizong'ang'ania jani ndizo tulizozipeleka shambani.